Kuhesabu Mivuto

Kazi ya kwanza ya kuaminiwa maishani mwangu nilipewa na bibi yangu, mama wa mama yangu, huko Ras Kisimani katika kisiwa cha Mafia, nilipokuwa na umri wa miaka tisa. Haikuwa kazi ya kuchota maji wala ya kufukuza kunguru katika samaki walioanikwa. Ilikuwa kazi ya kuhesabu. Babu alikuwa amekatazwa tumbaku na daktari kwa sababu ya kifua, naye aliahidi mbele ya watu kuwa atapunguza kidogo kidogo mpaka aache kabisa. Bibi hakuiamini ahadi ya mvutaji zaidi ya alivyoiamini ahadi ya paka juu ya kitoweo. Akaniita jikoni, akasema: "Mume wangu, leo usiku kaa karibu na babu yako. Hesabu anavuta mara ngapi, kisha uje uniambie. Lakini asikuone."

Kiko cha Babu hakikuwa kile kidogo cha mti ambacho wazee wa mjini walikiiga kwa Wazungu. Kilikuwa kiko cha kale cha pwani, chenye viungo vyake na majina yake. Juu palikuwa na bori la udongo, ndimo ilimotiwa tumbaku na kaa la moto. Kutoka borini lilishuka digali mpaka ndani ya kifuu cha nazi chenye maji. Na kutoka kifuuni ilitoka shilamu iliyokwenda mdomoni. Hata mlio wa maji yalipovutwa ulikuwa na jina lake, malio ya kiko. Nayataja majina haya kwa makusudi, maana wanafunzi wangu wa leo wengi hawayajui, na mtu akiyapoteza majina ya viungo vya kitu, kitu chenyewe humtoka akilini upesi.

Nilikaa nyuma ya mnazi, hatua ishirini hivi kutoka kwake. Malio ya kiko sikuyasikia, kwa kuwa mawimbi yaliyameza. Uso wake sikuuona, kwa kuwa alikaa akielekea bahari. Nilichokiona ni kaa. Kila alipovuta, kaa lilipamba moto likawa jekundu. Alipoacha, likafifia chini ya jivu lake. Kwa istilahi za leo, mimi nilikuwa kihisio, na jambo nililolihisi lilikuwa joto. Nililihisi kwa macho, kutoka mbali, kwa njia ya rangi yake.

Usiku wa tatu Babu alisema bila kugeuka: "Tumefika ngapi?"

Nikamjibu kwa hofu: "Kumi na moja, Babu."

"Mwambie bibi yako sita."

Akacheka, na cheko likageuka kikohozi. Nami nikaenda nikamwambia Bibi sita. Tangu siku hiyo nikawa shahidi wa uongo katika nyumba ile, na sikuwa shahidi mbaya, kwa kuwa hesabu nilizozipeleka zilipungua kwa utaratibu mzuri, kama mtu asemavyo kweli.

Msomaji asiyepajua mahali hapo na ajue kuwa Ras Kisimani iko upande wa magharibi wa Mafia, ikielekea kule maji ya mto Rufiji yanakoingia baharini. Hapo palikuwa na mji wa Waswahili kabla ya kuja Wareno. Neville Chittick, mwanaakiolojia, alitoa taarifa ya machimbo yake ya Kisimani mwaka 1961. Walakini mchimbaji mkubwa wa mahali pale ni bahari, nayo haitoi taarifa. Imekwisha kuula mji ule sehemu kubwa, na maji yakupwapo watoto huokota vigae vya vyungu mchangani kama waokotavyo simbi. Babu alipenda kukaa kwenye ukingo huo. Alisema kuwa mtu anayevuta tumbaku hana haki ya kuicheka nyumba inayoliwa na maji.

Alinifundisha jambo jingine hapo, ambalo sikujua kuwa litanirudia. Usiku usipokuwa na upepo wa kutambulikana, alitia kidole mdomoni, akakiinua juu kikiwa kimelowa, akangoja. "Upande unaopata baridi ndiko utokako upepo," alisema. Nilijaribu, nikaona ni kweli. Wavuvi wa pwani nzima wanalijua hilo, na hapana anayeliona kuwa elimu.

Miaka zaidi ya thelathini imepita. Mimi sasa nafundisha Kiswahili chuoni, nina shahada ambayo Babu angalicheka kuitamka, na nimekuwa mvutaji kwa miaka kumi na tisa. Kifua cha Babu hakikunifunza kitu. Miaka miwili iliyopita rafiki yangu mmoja alinijia kutoka Ulaya na kifaa cha kupasha tumbaku kisichoiunguza. Kifaa cha namna hiyo kilichojulikana kuliko vyote, IQOS, kilianza kuuzwa mwaka 2014 katika mji wa Nagoya huko Japani na mji wa Milan huko Italia. Cha kwangu sina haja ya kukitaja jina. Mtu hutia humo kijiti cha tumbaku, hungoja kidogo, kisha huvuta. Hakuna kibiriti, hakuna jivu, na harufu ni hafifu. Kila kijiti kina ruhusa ya dakika 6 au mivuto 14, lolote litakalotangulia. Kisha kifaa hutetema mkononi na kuzima. Zaidi ya hayo huunganishwa na simu, nayo simu huonyesha hesabu ya mivuto ya siku.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonishangaza. Kilijuaje kuwa nimevuta? Hakikuwa na macho. Nilidhani mna kitufe kilichofichika kinachobonyezwa na hewa, na kwa hakika sigara za umeme nyingi hutumia kihisio cha namna hiyo, kinachotambua msukumo wa hewa unapobadilika. Lakini mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa akimaliza masomo ya elektroniki, aliniambia kuwa iko njia nyingine isiyohitaji kihisio cha hewa hata kidogo.

"Shikamoo, Mjomba," alisema katika simu, "mradi wangu wa mwisho ndio huo. Nisaidie Kiswahili chake, nami nitakueleza mambo yake."

Tulikubaliana, na tulikutana Mafia wakati wa likizo, kwa kuwa yeye alikuwa akienda kumwona mama yake, nami nilikuwa sijazuru kaburi la wazee kwa muda wa aibu.

Maelezo yake nayaandika kama nilivyoyafahamu. Ndani ya vifaa vya aina ile mna bamba jembamba la kauri lenye mstari wa platinamu. Umeme wa betri ukipita katika mstari huo, bamba hupata moto na kuipasha tumbaku. Platinamu ina tabia moja ya kuaminika: kadiri inavyozidi joto, ndivyo inavyozidi kuukinza umeme. Waya wa platinamu wenye ukinzani wa omu 100 katika nyuzi 0 za Selsiasi huwa na ukinzani wa omu 138.5 katika nyuzi 100. Basi mwenye kuupima ukinzani amepima joto, na kitu kimoja kimekuwa jiko na kipimajoto pamoja. Sasa mtu akivuta, hewa ya nje isiyo na moto hupita juu ya bamba na kulinyang'anya joto. Bamba hupoa kidogo kwa muda mfupi. Kupoa huko ndiko kunakosema: mtu amevuta.

Niliposikia hayo nilimkatiza. Nilimwambia kuwa amekosea, kwa sababu nilihesabu mivuto kabla yeye hajazaliwa, na katika hesabu yangu mvuto uliongeza joto, haukulipunguza. Kaa la Babu liliwaka alipovuta.

Mpwa wangu akacheka, akasema: "Wewe ulihesabu moto, Mjomba. Mimi nahesabu kitu cha moto."

Jibu hilo lilinikalisha kimya, na mpaka leo naliona ndilo kiini cha jambo lote. Kaa linaungua, na hewa ni chakula chake. Ukilivutia hewa umelilisha, nalo huzidi. Kaa la sigara huweza kufika karibu na nyuzi 900 mtu anapovuta. Bamba la umeme haliungui. Limepashwa tu, na tumbaku iliyo juu yake huzuiwa isifike nyuzi 350, kusudi isishike moto. Kwa bamba, hewa si chakula bali ni maji ya baridi. Pumzi ile ile, kifua kile kile, kitendo kile kile. Katika kiko cha Babu mvuto hutambulikana kwa kupanda kwa joto, na katika kifaa changu hutambulikana kwa kushuka kwake. Na kidole kilicholowa cha mvuvi kilikuwa kimesema hayo siku zote. Mwaka 1914 mwanafizikia L. V. King aliandika kanuni ya namna waya wa moto unavyopoa katika mkondo wa hewa, na kwa kanuni hiyo watu hupima mwendo wa upepo kwa waya mwembamba kuliko unywele. Hospitalini nako, mtu anayechunguzwa usingizi wake huwekewa kihisio kidogo cha joto puani: pumzi iingiayo ni ya baridi, itokayo ni ya moto, na kupanda na kushuka kukikoma hujulikana kuwa pumzi imekatika.

Hapo tukaingia katika kazi yangu. "Tendo la kuvuta mara moja tuliite nini?" aliniuliza. Vijana wa mjini husema kupiga pafu, na mimi sioni ubaya, ila katika sayansi tutachanganyikiwa, maana pafu ni kiungo cha kifuani, na katika habari hii viungo vya kifuani vitatajwa sana. Funda ni zuri kwa kiasi cha moshi kinachojaa kinywani, lakini ni jina la kiasi, si la tendo. Nikampa mvuto, wingi mivuto. Akanung'unika kuwa mvuto umekwisha kutumiwa kwa nguvu ya dunia ya kuvuta vitu chini. Nikamwambia kuwa neno moja huweza kufanya kazi mbili kama mtu maskini. Kile kinachovutwa nacho kilitusumbua. Wauzaji hupenda kukiita mvuke, kwa kuwa neno hilo ni safi na lanukia jikoni. Lakini mvuke ni hewa tupu, na kile kitokacho katika vifaa hivi ni matone madogo mno yaliyotawanyika hewani. Kiswahili kina jina la matone yaliyotawanyika hewani, nalo ni ukungu. Moshi si neno lake, mvuke si neno lake. Tukaandika ukungu.

Jioni alileta mradi wake ufukweni. Ulikuwa mrija wa plastiki, ndani yake waya uliopashwa kwa umeme na kihisio cha joto kidogo kama punje ya mchele, vikiunganishwa na kompyuta yake. Tumbaku haikuwamo. Nilivuta hewa tupu katika mrija, na katika kioo cha kompyuta mstari wa joto uliinama kama mgongo wa ngalawa juu ya wimbi, kisha ukainuka. Kompyuta ikaandika: 1. Nilivuta tena, ikaandika 2. Nilifurahi kama mtoto.

Kisha tukakaa kuzungumza, mrija ukiwa juu ya mkeka, na kusi ikivuma. Tulipotazama tena, hesabu ilikuwa 7. Upepo ulikuwa umevuta mara tano.

Mpwa wangu hakuona haya. Alisema kuwa ugumu wa kazi hiyo haumo katika kuona joto likishuka, bali katika kujua limeshushwa na nani. Joto hushuka kwa sababu nyingi: betri imechoka, kijiti cha baridi kimeingizwa, kifaa kimepulizwa na upepo. Kwa hiyo kifaa chenye akili hupima mara nyingi kwa kila sekunde, hukumbuka joto lilikuwa kiasi gani muda mfupi uliopita, na hukataa kuita mvuto kila mshuko. Mshuko wa polepole hukataliwa. Mshuko mdogo hukataliwa. Mshuko wa kufumba na kufumbua hukataliwa pia. Kinachokubaliwa ni kile chenye umbo la kifua cha mtu: kianze ghafula, kidumu sekunde moja au mbili au zaidi kidogo, kisha joto lirudi. Vingine havitazami joto kabisa, kwa sababu huongeza umeme pindi bamba linapopoa ili joto lisibadilike. Hivyo hutazama umeme uliotumika. Hii niliifahamu upesi. Bibi hakuhitaji kuwaona wageni waliopita nyumbani asipokuwapo. Aliutazama mtungi wa maji.

Akarekebisha programu yake pale pale mkekani. Upepo haukuhesabiwa tena. Nikavuta, nikahesabiwa. Nikavuta kwa nguvu, nikahesabiwa. Ndipo likanijia wazo la kitoto la kukidanganya. Nilivuta polepole mno, kwa pumzi nyembamba kama ya mgonjwa, muda mrefu. Mstari ukainama kidogo tu, kwa uvivu, ukarudi. Hesabu haikubadilika. Nikafanya hivyo mara nne, na kompyuta haikuandika kitu.

"Hiyo imekataliwa kama upepo," alisema mpwa wangu, akaanza kuandika tena. "Nikishusha kiwango, upepo utaingia. Nikikipandisha, watu wa pumzi fupi watakosekana."

Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nimerudi nyuma ya mnazi.

Katika miezi ya mwisho ya Babu, hesabu nilizompelekea Bibi zilipungua mpaka zikafika mbili, na siku nyingine moja. Kwa miaka yote hii nimejihesabu mwongo wa hesabu hizo. Pale mkekani nilikumbuka kuwa mwishoni nilikuwa nimeacha kudanganya. Babu alikuwa haniambii tena niseme ngapi. Hakuwa na pumzi ya kuniambia. Nilihesabu kwa haki kila kaa lilipopamba moto, na kaa lilipamba moto mara mbili tu kwa usiku mzima. Shilamu lakini haikutoka mdomoni mwake. Alikuwa akivuta vile vile, ila kifua chake hakikuweza tena kulitia kaa wekundu ambao mtoto angeuona kutoka hatua ishirini. Bibi alizipokea hesabu zile kwa furaha. Alisema mbele yangu, akisonga ugali: "Alhamdulillahi, mzee anaacha." Uongo wangu wa kwanza ulimzoeza kutazamia idadi ishuke, na ukweli wangu wa mwisho ukamdanganya zaidi ya ule uongo. Tulimzika kabla ya kaskazi kuanza.

Nilimweleza mpwa wangu hayo. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali la fundi: kama mshuko wa joto kwa kila mvuto ulikuwa ukipungua siku hata siku, je, isingefaa kuuandika ukubwa wake, si idadi yake peke yake? Nadhani swali hilo lina thamani kuliko maneno yangu yote ya pole. Kifaa kinachojua ni mara ngapi na ni kwa kina gani mtu amevuta kinajua habari za kifua chake ambazo mkewe hazijui. Habari hizo huenda kwa nani, hilo ni jambo jingine. Daktari angezitaka. Muuza tumbaku naye angezitaka, na ndiye aliyetengeneza kifaa.

Wala msomaji asidhani kuwa ubaridi wa bamba ni usalama wake, kama nilivyojidanganya kwa miezi mingi. Mwezi wa Julai mwaka 2020 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliruhusu IQOS itangazwe kuwa inampunguzia mvutaji kukutana na baadhi ya sumu akiacha kabisa sigara. Haikuruhusu itangazwe kuwa inampunguzia maradhi. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa, na mtu wa lugha angepaswa kuiona mapema. Nikotini imo vile vile, na uraibu ni ule ule. Mimi nilianza na vijiti vitatu kwa siku, kwa kuwa havikunuka, na kwa kuwa havikunuka nilivivuta mahali ambapo sigara nisingethubutu: chooni, ofisini, na ukumbini mke wangu akilala.

Nilirudi Dar es Salaam kwa njia ya Nyamisati. Mke wangu ana desturi ya kuniuliza kila usiku, si kwa ukali, kama mtu aulizavyo kama mlango umefungwa: "Leo ngapi?" Nami nina desturi ya kumjibu: "Vitatu." Usiku ule aliniuliza, na neno lilikwisha kufika ulimini. Nikampa simu, mahali penye hesabu.

Akaisoma, akauliza: "Hii ni idadi ya vijiti au ya nini?"

"Ya mivuto," nikasema. "Kila kijiti mivuto kumi na minne."

Ilikuwa 112. Akaigawa kichwani upesi kuliko mimi, akanirudishia simu, akaenda kuzima taa ya jikoni.